Karatasi Kumi za Ahadi

Masika mwanangu,

Jumapili baada ya ibada uliniletea kikapu kidogo cha mama yako, daftari la shule na mkasi. Ukasema, "Baba, uniandikie ahadi za Mungu, hata tano tu. Nitavuta moja. Kama inasema niende, nitaenda Beni kusoma. Kama inasema nibakie, nitabakia. Na mukono yangu haitatetemeka." Nami nikainuka, nikachukua kofia, nikatoka bila kukujibu. Nilizunguka mtaa hadi mvua iliponirudisha nyumbani. Nilikukuta umelala, macho yamevimba.

Tangu siku hiyo unapanga valizi yako kwa moyo nusu. Unaingiza sketi, unaitoa. Unauliza habari za barabara ya Beni kwa kila anayepita, kisha husikilizi jibu. Najua unangoja nini. Unangoja karatasi.

Lori la Beni linaondoka kesho asubuhi. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa korali, mama yako yuko jikoni anachagua maharage, nami nimeketi hapa sebuleni na kalamu ya Biki. Mambo ya blanketi, sabuni na kuchemsha maji ya kunywa sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, na atayasema tena mpaka dereva awashe mashine. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka saba na sijamwambia mtu, hata mchungaji. Ulifikiri nimekunyima baraka. Sikukunyima, mwanangu. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe.

Kijiji chetu cha Kalunguta unakikumbuka, ingawa tulipokiacha ulikuwa na miaka tisa tu. Tulikuwa na mipapai yetu nyuma ya nyumba, safu mpaka bondeni. Asubuhi mapema nilikuwa nakwenda kuyachanja mapapai mabichi kwa wembe, maziwa yake meupe yakidondoka kwenye kitambaa, halafu tunayakausha na kuyapeleka kwa wanunuzi wa papaini, ndiyo maziwa hayo yakiwa unga, hapa Butembo. Ulipenda kunifuata, nikawa nakufukuza kwa sababu maziwa yale hula ngozi. Angalia vidole vyangu leo, bado vina makovu. Kazi ile haitaki kuachwa. Papai likianza kuiva maziwa yanakwisha, na wewe uliyelingoja miezi yote unabaki kulila kama mtoto. Mwaka ule mipapai yetu ilikuwa imezaa kuliko miaka yote, nami nilijiona mtu.

Tena nilikuwa katibu wa kanisa letu dogo. Watu waliniita Mwalimu, kwa sababu ya mwandiko, si kwa sababu nilijua mengi. Kila mwisho wa mwaka mchungaji alinipa kazi ya kuandika ahadi. Nilikuwa nakata kurasa za daftari vipande vyembamba, naandika kwenye kila kipande neno moja la Mungu, navikunja, naviweka kwenye kikapu. Mwaka mpya watu wanapita mbele mmoja mmoja, wazee kwa vijana, kila mtu anavuta ya kwake. Wengine waliziweka ndani ya Biblia, wengine walizishona kwenye pindo la nguo. Ilikuwa desturi nzuri, na sina ugomvi nayo hata leo. Ugomvi wangu ni na yule aliyekuwa anaandika.

Kwa maana karatasi ni ndogo, Masika, nami nilikuwa nakata zaidi ya karatasi. Kuna zaburi inayosema kwamba mwenye haki ana mateso mengi, na kwamba Bwana humwokoa katika hayo yote. Mimi niliandika kipande cha pili. Mateso hayakuenea kwenye karatasi. Wale vijana watatu waliotupwa motoni walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata kama hatawaokoa, hawataisujudia sanamu. Niliandika aweza kuwaokoa. Hiyo "hata kama" haikuingia katika kikapu changu hata mwaka mmoja. Nani angependa kuvuta "hata kama" siku ya mwaka mpya, amevaa kitenge kipya? Watu walirudi nyumbani wanacheka, wananishika mkono, nami nikafurahi nao. Nilijifunza mapema kwamba Neno la Mungu lililokatwa vizuri linampendeza kila mtu.

Halafu vita vikaja. Mwanzoni vilikuwa habari za redio tu, mambo ya Goma na ya mbali. Kisha tukaanza kuona watu barabarani wakitoka upande wa Beni, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipora kila nyumba waliyoipitia, na waliokuwa wanawafukuza hatukuwajua. Jirani yetu Mama Kahindo, yule Mkatoliki mnene aliyekupa ndizi mbivu, alipita mlangoni na mzigo mgongoni, kamba imembana paji la uso. Alinikuta natia makali wembe.

"Mwalimu, ungali hapa?"

Nikamwambia kwamba Mungu ametuahidi ulinzi.

Akacheka, mzigo ukatikisika. "Alisema atakuwa na sisi. Mais hakusema tusitumie miguu! Kule Butembo Yeye haiko?"

Nilimwona mwanamke asiyejua Biblia. Akaenda zake, na siku mbili baadaye alikuwa ameketi Butembo kwa ndugu zake, mzima na ndizi zake.

Jioni ile mama yako alisimama mbele yangu. Alikuwa amembeba mdogo wako Muhindo, ana miezi minane, kifua kinakoroma. "Baba Masika, batu banaenda. Mutoto anakohoa. Tuende kwa dada yangu Butembo, hata siku mbili tatu. Kama hakuna kitu, tunarudi."

"Na mapapai?"

"Papai haina miguu, itatungojea."

Ningecheka kama ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nikamjibu kwa Biblia, ndiyo tabia yangu ya wakati ule. Nilikuwa na mstari wa kufunga kila mdomo. Nilimwambia kwamba mwenye kuamini hafanyi haraka. Nilimwambia Wakristo watasema nini, wakiona katibu anakimbia mbele ya kondoo. Nikakuta sauti yangu imepanda. Yeye hakupandisha yake. Alisema tu, "Mimi niko na woga, silali siku tatu. Basi tuvute ahadi. Kesho asubuhi uandike, mimi nivute. Kama Mungu anasema tuende, tunaenda. Kama anasema tubakie, sitasema tena kitu."

Alikuwa ameniamini kiasi hicho. Mimi ndiye niandike, yeye avute.

Asubuhi nilitoka kuchanja mapapai kama kawaida. Maziwa yalidondoka vizuri mno siku ile, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilirudi ndani, nikakata karatasi kumi. Kwenye ya kwanza niliandika lile neno ambalo Mungu alimwambia Isaka wakati wa njaa, asishuke Misri: kaa katika nchi hii, nami nitakuwa pamoja nawe. Nikachukua ya pili. Nilitaka kuandika neno la safari, yapo mengi, wewe unayajua. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Kisha nikaandika lile lile la Isaka. Na ya tatu. Na ya nne. Zote kumi, Masika. Nikazikunja, nikazichanganya kwenye kikapu, tena nikazichanganya vizuri, kama vile ilikuwa na maana kuzichanganya.

Mama yako alinawa mikono kwanza. Alifunga kitambaa kichwani. Alipiga magoti kwenye sakafu, Muhindo mgongoni, akaomba kwa Kinande, akimwita Mungu kwa jina la kwetu, Nyamuhanga, kama mtoto anavyomwita baba yake, kisha akaingiza mkono. Mkono ulitetemeka. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango, uliona. Akasoma. Akalia kidogo, akajifuta, akaenda kufungua mzigo aliokuwa amekwisha kuufunga. Alitoa sufuria moja moja akizirudisha mahali pake. Mimi nilikwenda jikoni, nikatia zile tisa motoni.

Yaliyofuata unayajua kwa miguu yako. Siku ya nne, mchana, milio ilisikika upande wa barabara, tukakimbia bila kitu, wewe umeshika kifuniko cha sufuria, hakuna aliyejua kwa nini. Tulipanda kilima kwenye migomba ya watu. Mvua ilinyesha usiku wote na siku iliyofuata, na hatukuwa hata na turubai. Asubuhi ya tatu tulikuwa tunatembea tena, mama yako akaniambia taratibu, "Anapumuzika sasa. Hakohoi tena." Tulifurahi. Tulitembea bado kipande kirefu tukiwa tumefurahi.

Nilimchimbia kaburi kwa panga na kwa mikono, pembeni ya shamba la muhogo la mtu tusiyemjua, chini ya mparachichi, bado karibu na Kalunguta, si mbali na barabara kubwa. Kisha tukaja Butembo, hapa hapa nilipokataa kuja, kwa miguu, tukiwa watatu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na dhambi moja. Lakini wiki ile ile mama yako alianza kutafuta kosa. Mungu hawezi kusema uongo, hilo alikuwa nalo, hakuliachia. Basi kosa liko kwa nani? Akakumbuka mkono wake. Akakumbuka mahali Yakobo anaposema kwamba mtu mwenye mashaka asidhani atapata kitu kwa Bwana. Akaniuliza siku moja tukiwa tunamenya viazi, "Baba Masika, kama ningevuta bila woga, Muhindo angeishi?" Mimi, Mwalimu, niliyejua yote, nilisema, "Tuyaache hayo." Hilo ndilo jibu nililompa. Nilisema tuyaache, nikaendelea kumenya.

Tangu hapo anafunga kila Ijumaa. Wewe umekua ukidhani ni ibada tu. Anafunga akiomba msamaha kwa kutokuamini kwake. Hajakanyaga kaburi la mtoto hata siku moja, anasema hastahili. Nami kila Ijumaa jioni nimekaa mezani naye, nimempa chai ya kufungulia, nimenyamaza. Kila Ijumaa nilijiambia kwamba nikisema nitauvunja moyo wake. Uongo. Niliogopa atanionaje, basi.

Na Jumapili ukasimama mbele yangu na kikapu, ukasema mkono wako hautatetemeka. Hapo nikajua kwamba na wewe umerithi mzigo ambao haukuwa hata wa mama yako.

Miaka mingi sikuweza kusoma mahali pale pa Isaka. Nilikuwa naruka kurasa. Nilirudi huko mwaka jana tu, si kwa ushujaa, bali kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusoma kanisani. Nikasoma mpaka mwisho wa sura, jambo ambalo nilipoandika karatasi zile sikulifanya. Unajua kilichompata Isaka baada ya ahadi? Walimwonea wivu. Walifukia visima vyake kwa udongo. Mfalme akamwambia aondoke, naye akaondoka. Akachimba kisima kingine, wakakigombania, akakiacha. Akachimba kingine, wakakigombania nacho, akasogea tena. Mtu mwenyewe aliyeambiwa akae, alihama na ahadi yake mara kadhaa, na Mungu hakumwambia hata mara moja kwamba amekosa imani. Alimfuata. Alikuwa pamoja naye alipokaa na alipoondoka. Nilisimama mbele ya watu na Biblia mkononi, nikaifunga, nikarudi kwenye kiti changu. Mama Kahindo alikuwa amelisema lote mlangoni kwangu, na kamba kwenye paji la uso.

Kwa hiyo sitakukatia karatasi. Ahadi za Mungu ninaziamini leo kuliko nilipokuwa nikiziandika, na nisingependa uondoke ukidhani baba yako amepoa. Ila naziamini zikiwa nzima, pamoja na mateso mengi na "hata kama". Nimeona kwamba Yeye alikuwa nasi kwenye migomba ile. Siwezi kukuonyesha namna gani. Najua tu kwamba mama yako alimwomba Nyamuhanga usiku wote ule wa mvua, na kwamba hakuomba hewani. Jambo ambalo Mungu hakuahidi ni kulinda mapapai yangu na ukaidi wangu. Hayo niliyaahidi mimi, nikatia jina lake.

Kama ni kwenda Beni, uliza waliotoka huko wiki hii, sikiliza wanachosema, omba, kisha amua. Ukiogopa, sema unaogopa. Woga si dhambi. Laiti ningemsikiliza mwanamke mmoja mwenye woga. Na siku moja mtu akikuletea neno la Mungu linalolingana mno na anachokitaka yeye mwenyewe, tafadhali soma sura nzima, hata kama mtu huyo ni baba yako.

Nimesoma tena nilichoandika mpaka hapa, nami naona aibu mpya. Ninamwambia mtoto kabla ya mama. Nilipanga usome njiani, ukiwa mbali, na mama yako nimwambie baadaye, siku fulani. Siku fulani! Hiyo ndiyo imenila miaka saba. Anasikika jikoni, maharage yanaanguka sufuriani. Ngoja niweke kalamu hii chini, niende kwake.

Nimerudi. Maharage yamekwisha kuwekwa motoni, nami naandika kwa haraka, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, hata moto na zile tisa. Hakuacha kuchagua. Alichagua mpaka ungo ukawa mtupu, ndipo akaniangalia.

"Yote kumi?"

"Yote kumi."

Akakaa. Niliona midomo yake inahesabu kitu, sijui nini. Kisha akasema polepole, kama anayeuliza mtu mwingine aliye nyuma yangu, "Alors… haikukuwa mimi?"

Nikasema, "Haikuwa wewe. Hata kidogo. Hata mkono wako."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, kwa sufuria, kwa chochote. Alifunika uso kwa kitenge, akalia kilio ambacho hakukilia siku ile chini ya mparachichi. Nilitaka kumshika bega. Akasema, "Hapana niguse." Nikarudi nyuma hadi ukutani. Akalia mpaka akachoka, akajifuta, akasema, "Miaka saba, Baba Masika. Miaka saba niko naomba Nyamuhanga anisamehe kitu sikufanya. Na weye ulikuwa unanipatia chai."

Sikuwa na mstari.

Baadaye kidogo aliinuka, akayatia maharage maji, akayaweka motoni, akaniuliza kama barua yako imekwisha. Nikasema bado. Akasema, "Mutoto ajue yote. Na umwambie kesho tuko pamoja kwa lori, mimi na yeye, mpaka Kalunguta. Niko naenda kuona mutoto yangu."

Uende au ubaki, Masika, uamuzi ni wako, lakini mama yako amekwisha kutoa viatu vyake vya ibada na kuvipangusa matope. Ukipanda, utakuwa naye mpaka Kalunguta. Mparachichi uko mkono wa kushoto, baada ya daraja dogo la mbao, na nikiulizwa na dereva nitamchorea.

Nilimwomba niende naye. Alifikiri, kweli alifikiri, nikaanza kutumaini. Kisha akasema hapana, mara hii aende na Masika tu.

Basi mshike mkono anaposhuka, barabara ni utelezi kipindi hiki. Akitaka kukaa kule muda mrefu, umwombe dereva angoje. Mwambie baba yako ndiye aliyeomba.

Baba yako